Fundi, hivi vibati vya ekzosi niving'oe?

Mwezi huu barua nne zimegusa jambo moja: vibati vya kukinga joto vinavyofungwa juu na pembeni ya ekzosi, yaani bomba la kutolea moshi, kwenye magari ya porini yaliyokwisha kula chumvi. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu hilo jambo limewahi kunigharimu.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni afisa mifugo huku Kiteto. Natumia Prado ya mwaka 1997, injini ya petroli V6 ya lita 3.4. Tangu masika yaishe linapiga kelele chini kama debe lenye misumari, hasa likiwa silensa (limesimama, injini inanguruma tu) na nikianza kuondoka na gia ya kwanza. Fundi wa hapa Kibaya amechungulia akasema ni vibati vya ekzosi, boliti zimeliwa na kutu. Anasema Wajapani wameviweka kwa sheria za kwao, huku havina kazi, aving'oe vyote kwa nusu saa nisahau. Mwenzangu kazini anasema nikiving'oa gari litawaka moto majanini. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako yuko karibu zaidi na ukweli, ila naye hajaumaliza.

Mwambie fundi asubiri injini ipoe kabisa, kisha mwingie chini wote wawili. Kwa kila kibati ulizeni: juu yake kuna nini? Kama kuna chesisi tupu, tunaweza kuzungumza. Kama kuna paipu ya breki, paipu ya petroli, tangi, nyaya, au sakafu ambayo upande wa pili kuna kapeti na miguu ya watu, kibati hicho kitoke kwa sababu moja tu, kwenda kutengenezwa na kurudi.

Joto la ekzosi halihitaji kugusa ili liunguze. Keti hatua moja kutoka jiko la mkaa lililokolea, uso wako utakueleza. Kibati ni chembamba, kwa kawaida ni chuma kilichopakwa aluminiamu, na kinang'aa kwa makusudi, maana kitu kinachong'aa hurudisha joto lilikotoka. Kati yake na bomba huachwa nafasi ndogo ya hewa, na gari likitembea upepo hupita hapo ukaondoa joto lililobaki. Kikijaa matope yaliyokauka, mng'ao umekwisha na nafasi imeziba. Bado kimefungwa mahali pake, lakini kazi yake imepungua sana.

Gari lako ni la petroli na lina masega, lile dumu dogo lenye vitundu kama sega la nyuki linalosafisha moshi. Hapo ndipo penye moto wa kweli. Masega yakifanya kazi sawasawa yanakaa kwenye nyuzi joto 400 hadi 800. Plagi moja ikikosa kuchoma, petroli mbichi inateremka na kuungulia ndani ya masega, na joto linaweza kupita nyuzi 900. Usiku utayaona mekundu kama chuma cha mhunzi. Nyasi kavu zikigusa chuma chenye nyuzi 300 hivi, zinaweza kushika moto. Piga hesabu hiyo ukiwa umesimama katikati ya nyasi za Kiteto mwezi wa saba, injini inanguruma, wewe uko zizini unachanja ng'ombe.

Sasa jambo langu. Mwaka 2004 nilikuwa gereji moja hapa Arusha. Mwalimu mmoja wa kike alileta Escudo ya petroli, inalia chini vilevile unavyoeleza. Mimi nilikuwa na magari mengine manne yananisubiri. Nikaingia chini, nikakata vibati viwili vya juu ya masega kwa tindo, kelele ikaisha, akanilipa na kunishukuru. Vibati vikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu siku hiyohiyo. Wiki ya tatu akarudi. Hakugomba. Alifungua mlango wa abiria, akainua kapeti, akanionyesha. Sponji ya chini ilikuwa imegeuka kahawia na katikati nyeusi, duara la ukubwa wa sahani, na harufu kama ya manyoya ya kuku yakibabuliwa. Alikuwa anapandisha mlima na mzigo, mwanawe wa miaka sita amekaa kiti kile amevua viatu, akaanza kulalamika sakafu inamchoma. Mama akasimama, akamwaga maji. Ingekuwa amekaa mtu mzima mwenye buti, wangeendelea na safari.

Nilimtengenezea vibati vipya bila malipo, siku mbili za kazi, kwa sababu vya zamani nilikuwa nimeviuza kwa kilo. Tangu siku ile sikati kibati kwa sababu kinapiga kelele. Kelele ni ya boliti. Kibati chenyewe hakina kosa.

Turudi kwenye Prado. Kwanza hakikisha kelele ni ya kibati. Injini ikiwa baridi, yagonge masega kwa nyundo ya raba au kwa ngumi. Ukisikia kokoto zinacheza ndani, sega lenyewe limevunjika, na hakuna kibati utakachokaza kikanyamaza. Kama ndani ni kimya, weka gari mahali pa tambarare, breki ya mkono, mawe nyuma na mbele ya matairi, gia iwe huru. Mtu mmoja akae kwenye usukani apandishe injini taratibu hadi mizunguko 1,500 au 2,000. Wewe ukiwa pembeni, si chini ya gari, tumia mpini mrefu wa jembe kubonyeza kibati kimoja kimoja. Utakachobonyeza kelele ikakata, ndicho hicho. Mara nyingi ni kimoja au viwili tu, wala si vyote kama fundi alivyokuambia.

Kukifungua ndiko kwenye kazi. Boliti za vibati kwenye Toyota nyingi ni za milimita 6, kichwa cha spana namba 10, na kwa umri wa gari lako zimeungana na nati zake. Zipulizie mafuta ya kulainisha kutu jioni, rudia asubuhi. Wengine huchanganya mafuta ya gia boksi ya otomatiki na petroli kidogo; yanapenya vizuri, lakini petroli hiyo isikaribie ekzosi yenye joto. Tumia boksi spana ya pembe sita, si ya kumi na mbili, maana ile ya kumi na mbili inalamba kichwa cha boliti laini. Kabla ya kufungua, kaza kidogo kwanza ili kutu ivunjike, ndipo uanze kurudisha. Nenda robo, rudi robo. Ikikatika usipige kelele, wote zimetukatikia. Toboa katikati kwa keekee ya milimita 5, pitisha tepu ya milimita 6 (kile chuma cha kuchongea nyuzi za boliti), weka boliti mpya ya stenlesi iliyopakwa grisi ya shaba ili fundi atakayekuja baada yako asiteseke. Na uvae glovu. Kingo za vibati hivi zinakata kuliko wembe. Nina mshono kwenye kidole gumba cha kushoto unaothibitisha.

Gari likiinuliwa, liwe juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake si mahali pa kulaza kifua chako. Sitachoka kuliandika hili kila mwezi.

Ukikitoa utakuta tundu la boliti limetanuka na kingo zimepasuka. Hapo ndipo kelele ilipozaliwa. Dawa yake ni rahisi: washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu la boliti, iwe pana, ya milimita 25 hadi 30, upande wa juu na upande wa chini, zikibane bati kama mkate. Kama kibati ni cha aina ya maganda mawili yaliyokumbatia masega na viungo vyake vimeachia, kizungushie klipu mbili ndefu za hosi za stenlesi, moja kila mwisho, kaza, kata mkia. Angalia tu klipu isipande juu ya sensa ya oksijeni wala waya wake. Ni kazi ya saa moja. Nina Prado ya mteja inayotembea na klipu hizo tangu 2016 kwenye barabara za rasta za Loliondo, na ziko palepale.

Kuhusu majani, sikiliza vizuri, hapa ndipo mwenzako hajamaliza. Kibati kinazuia nyasi zilizosimama zisiguse masega, lakini hichohicho kinaweza kuwa kiota. Mbegu, mashina na manyasi yaliyovunjika huingia kati ya kibati na bomba, yanakauka, yanakuwa mkaa, siku moja yanawaka. Australia, ambako magari ya aina yetu hukatiza majani makavu yenye utomvu yaitwayo spinifex, madereva wana desturi ya kusimama kila baada ya mwendo, kulala chini na kuchokoa manyasi kwenye ekzosi kwa waya, na kubeba pampu ya maji ya mkononi. Nawe fanya hivyo. Weka kwenye gari waya mgumu wenye ndoano, lita kumi za maji na mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa. Ukipita majanini, simama penye udongo mtupu, chungulia. Usimwage maji kwenye masega yenye moto kama hakuna kinachowaka, sega la ndani ni la kauri na linapasuka likipozwa ghafla.

Kwa hiyo, vibati vya masega virudi. Vilivyo karibu na tangi virudi. Vilivyo kati ya bomba na paipu za breki virudi, na hapa nikueleze kwa tarakimu: mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishakunywa unyevu wa hewa yanachemka kwenye 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inazama hadi sakafuni ukiwa unateremka. Kile kipande kidogo cha nyuma kabisa, karibu na mkia wa bomba, kama juu yake hakuna kitu, kikioza unaweza kukitoa usikirudishe. Hapo fundi wako wa Kibaya yuko sahihi, nami namuunga mkono.

SWALI: Mzee, habari ya kazi. Niko Isiolo, niko na Land Cruiser pickup ya miaka ya tisini, dizeli ya 4.2, ile injini ya 1HZ. Haina masega. Makanika wangu alitoa vibati vya ekzosi miaka miwili iliyopita na sijaona shida yoyote. Mwaka huu nimeongeza turbo. Kuna haja ya kuvirudisha?

JIBU: Kabla ya turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kusukumia injini hewa zaidi, ningekuambia endelea na kazi zako. Dizeli isiyo na turbo inaingiza hewa nyingi kuliko inayohitaji, kwa hiyo moshi wake hutoka na joto dogo kuliko wa petroli, hasa ukienda polepole au ukisimama silensa. Bila masega, bomba la chini halifiki kwenye wekundu. Ndiyo maana miaka miwili ilipita salama, na makanika wako hakufanya jambo la ajabu.

Lakini 1HZ ilitoka kiwandani bila turbo. Ukiiongezea, kila mtu anataka nguvu, na ili ipatikane pampu hufunguliwa mafuta zaidi. Mafuta zaidi ni joto zaidi, tena joto lote linapita mahali pamoja: menifodi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini), nyumba ya turbo na kipande cha bomba kinachoshuka kutoka hapo. Ukipanda mlima na mzigo wa mbuzi, sehemu hizo zinaweza kuvuka nyuzi 600. Fungua boneti, angalia nini kiko karibu nazo kwa upana wa kiganja. Hosi za raba? Nyaya za starta? Paipu ya klachi? Popote ulipopata kitu laini, weka kibati. Vya nyuma, chini ya kitanda cha pickup, sivililii.

Jambo la pili ambalo hukuniuliza: usikubali kufungiwa ule mkanda wa kitambaa unaozungushwa kwenye bomba. Unapendeza, na kwa magari ya mashindano una sababu zake. Kwenye gari linalovuka mito ya mchanga na matope unanyonya maji, bomba linaoza kwa ndani ya mkanda bila wewe kuona. Na ukidondokewa na oili ya injini unageuka utambi.

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Lushoto, nina Escudo ya 1998. Vibati vyangu vilioza. Mkwe wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea, amenitengenezea vingine kwa mabati yaliyobaki tulipoezeka nyumba. Vimekaa vizuri sana. Nimesoma mahali kwamba mabati hayo yana sumu. Nimwambieje bila kumvunja moyo?

JIBU: Mama, mshukuru kwanza, maana ameelewa kwamba vibati vina kazi, na mafundi wengi hawajafika hapo. Umbo alilokata na matundu aliyopima yabaki kama mchoro wa kazi ya pili.

Bati la kuezekea limepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420, na joto likizidi nyuzi 200 kwa muda mrefu huanza kubanduka. Juu ya masega haitadumu. Ikishabanduka linabaki chuma chembamba kitupu, na kwa ukungu na mvua za Usambara kitaoza haraka. Kuhusu sumu: hatari kubwa iko kwa mkwe wako mwenyewe wakati anachomelea. Ule moshi mweupe wa zinki ukiuvuta unakuletea homa na baridi kali jioni yake, mafundi wanaijua, wengi huwahi maziwa kana kwamba ni dawa. Maziwa hayaitibu. Dawa ni kutochomelea bati lenye zinki, au kulisaga hadi chuma kionekane, nje penye upepo, akiwa amevaa kinga ya pua inayofaa.

Mwambie hivi: "Kazi yako nimeipenda, naomba uirudie kwa bati lisilooza." Aende kwa mafundi wanaotengeneza masinki na meza za jikoni za hoteli, awaombe vipande vya stenlesi vilivyobaki, vya milimita 0.8 hivi. Vinauzwa kwa uzito. Asivilaze vikagusa bomba. Aache nafasi ya sentimita moja na nusu, na vifungwe kwa boliti, visichomelewe kwenye bomba lenyewe, kwa sababu bomba linatanuka na kusinyaa kila safari na weldi itapasuka. Rivati za aluminiamu asitumie hapo, zinalainika.

Na kama kwenye vibati vya zamani, au kwenye gari lolote la zamani zaidi analotengeneza, atakuta utando mweupe au wa kijivu kama kitambaa kigumu, asiupige brashi wala grainda. Baadhi ya hizo ni asbesto. Aulowanishe maji, autoe mzima, aufunge kwenye mfuko na asiupulize.

SWALI: Fundi, nina Pajero ya petroli ya 1992 iliyotoka Japani. Niliponunua nilikuta masega na vibati vyote vimeshatolewa. Kuna taa kwenye dashibodi yenye herufi za Kijapani imeanza kuwaka nikienda mwendo mrefu. Injini haichemshi, oili ipo. Ni taa ya nini? Niko Mbeya.

JIBU: Andika herufi zenyewe uniletee, lakini kwa maelezo yako naweka dau kwenye taa ya joto la ekzosi. Magari mengi ya petroli ya soko la Japani ya miaka hiyo yalikuwa na sensa iliyochomekwa kwenye masega, na waya wake unapita sakafuni chini ya kapeti. Masega yakipata joto la hatari, taa inawaka.

Kwako masega hayapo, kwa hiyo jiulize sensa iko wapi. Mara nyingi aliyeyatoa aliuacha waya unaning'inia. Bila kibati, bomba linauunguza, plastiki yake inayeyuka, shaba inagusa bodi, na taa inasoma hiyo kama joto kali. Inakuwakia mwendo mrefu kwa sababu ndipo bomba linapopata joto la kuulainisha waya na kuusogeza.

Leo jioni gari likipoa inua kapeti upande wa abiria, utafute waya unaoshuka chini kupitia tundu lenye raba, uufuate hadi mwisho. Ukiukuta umeungua, usiufunge tepu ukaondoka. Angalia ni nini kingine kimepita njia hiyohiyo karibu na bomba, maana kilichouunguza waya kiko bado. Hasa paipu za breki na za petroli: pitisha kidole juu yake, rangi ikiwa imebabuka au raba imekuwa ngumu na kupasuka, gari lisitoke Mbeya kuelekea mteremko wa Kitonga kabla hujaweka kibati hapo. Ukiikuta sensa nzima na waya mzima, basi huenda joto ni la kweli na kuna plagi inayokosa kuchoma; chomoa plagi zote, uzipange kwa mfuatano wa silinda, unipigie picha.